Kusoma Biashara Ugenini

Pana imani iliyoota mizizi katika nchi yetu kwamba biashara ni elimu ya ng'ambo. Kijana akimaliza shule na kusema kuwa anataka kuwa mfanyabiashara, wazee wake huanza kutazama upande wa uwanja wa ndege. Ng'ombe huuzwa, shamba huuzwa, harambee huitishwa, na jina la mji wa mbali hutajwa kwa heshima kama jina la tabibu mbele ya mgonjwa. Siku ya safari watu hulia kwa furaha. Hapana hata mmoja amwulizaye msafiri swali lililo jepesi kuliko yote: Wajua nini juu ya soko la kwenu?

Mimi nashikilia kwamba hilo ndilo swali la kwanza. Anayekwenda kusoma biashara ugenini bila ya kulijua soko la kwao hapati elimu, hupata karatasi. Najua kuwa maneno haya hayatawapendeza wengi. Walakini siyasemi kwa husuda ya mtu aliyebaki nyumbani. Nilikwenda, nikarudi, na gharama ya kwenda kwangu ilikuwa shamba la minazi alilolipanda babu yangu.

Yamkini mtu atanijibu kuwa taifa hili lilijengwa na watu waliosoma ng'ambo. Ni kweli. Mwezi wa Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake, na kufikia mwaka 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwenda kwa mpango huo. Lakini watu wale walikwenda kwa dhiki. Milango ya elimu ya juu nyumbani ilikuwa michache tena myembamba, na uhuru ulikuwa kizingitini ukidai watumishi. Leo digrii ya biashara yafundishwa Nairobi, Mombasa, Eldoret na Kisumu. Mwenye kiu akienda mtoni hasemwi. Lakini mwenye mtungi uliojaa akivuka mito saba kutafuta maji, hana budi kuulizwa sababu.

Mimi sikuulizwa, na jambo hilo liliniaibisha. Mama yangu alikuwa akiuza nyanya na machungwa katika soko la Kongowea, Mombasa. Nilikulia kando ya makreti yake, nikiyaona kuwa alama ya umaskini ambao elimu ingenitoa. Katika muhula wa kwanza chuoni, huko Uingereza, mwalimu alimtaka kila mmoja wetu aeleze soko moja la kwao: bei huwekwa na nani, nani humkopesha nani, na mali ikiharibika hasara huwa ya nani. Mwanafunzi mmoja wa Ghana alisimama akaeleza masoko ya Kumasi, ambako wanawake wauzao kila aina ya bidhaa wana malkia wao wa kuamua magomvi na kulinda desturi. Darasa zima lilimsikiliza. Ilipofika zamu yangu, nilikariri maana ya soko kama ilivyoandikwa kitabuni. Mwalimu alinisikiliza kwa staha, kisha akasema, "Hayo nimeyasoma. Nieleze ya kwenu." Nilikaa kitako bila neno.

Usiku ule nilimpigia mama simu. Nilimwamkia, nikamwuliza maswali yale yale matatu. Alinieleza kuwa alfajiri huchukua nyanya za Taveta kwa dalali kwa mali kauli, yaani hupewa kwa neno la kinywa akalipa jioni baada ya kuuza. Alinieleza kuwa bei huanguka kadiri jua linavyopanda, kwa sababu nyanya haisubiri. Alisema kuwa mzigo ukioza, dalali humsamehe sehemu ya deni, si kwa huruma, bali kwa kuwa kesho atamhitaji tena. Alipokwisha alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Mwanangu," alisema, "tumeuza minazi ya babu yako ili ukaniulize mimi?"

Msomaji, sijapata kusikia hoja nzito kuliko kicheko kile. Mikopo, bei, hatari na uaminifu, mambo ambayo vitabu vyangu viliyapa majina marefu, mama yangu alikuwa akiyatenda kila siku kabla ya jua kuchomoza. Nilikuwa nimevuka bahari kwenda kutafuta mwanzo wa somo ambalo mwanzo wake nilikuwa nikiuruka kila asubuhi nikienda shule.

Je, basi safari ilikuwa bure? La hasha! Hapa naachana na wale wanaosema kuwa ugenini hakuna cha kujifunza. Hao huonyesha mfano wa James Mwangi, aliyesoma biashara katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akaitumikia Equity iliyokuwa karibu kufilisika mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpaka ikawa benki kamili mwaka 2004, ikistawi kwa amana za watu wadogo ambao mabenki mengine hayakuwataka. Mfano huo ni mzuri, nao wathibitisha kuwa nyumbani kwatosha kumkuza mtu. Hauthibitishi kuwa ng'ambo ni batili. Mwai Kibaki alisoma uchumi Makerere kwanza, akafaulu kwa daraja la juu. Ndipo alipokwenda London kusoma fedha za umma. Mwaka 1966 akawa Waziri wa Biashara na Viwanda, na baadaye akawa Rais. Alikwenda na kitu mkononi, akarudi nacho kimeongezeka.

Nami nilipata faida yangu baada ya aibu kunifungua macho. Nilijifunza hesabu ya maingizo mawili, ambayo mtawa Luca Pacioli aliichapisha mjini Venice mwaka 1494: kila shilingi huandikwa mara mbili, pale ilipotoka na pale ilipokwenda. Wahenga wetu walikwisha kusema kuwa mali bila daftari huisha bila habari, lakini kanuni ya kulijaza daftari lenyewe niliipata huko. Nilijifunza pia kuishi mahali ambapo ukoo wangu haukujulikana, kupika chakula changu, kupima posho yangu hadi mwisho wa mwezi, na kukosolewa mbele ya watu bila kununa. Mafunzo hayo hayakuandikwa katika cheti changu, na pengine ndiyo yaliyonikuza zaidi.

Niliporudi nilikaa na mama mwezi mzima, yeye akisema, mimi nikiandika. Daftari lilitufunulia jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelijua. Machungwa ya Tanga, ambayo mama aliyaonea fahari, yalikuwa yakila faida ya nyanya kwa nauli na ushuru wa njiani. Aliyaacha. Nami nilimshauri awanyime mkopo wateja wanaochelewa kulipa. Alikataa, akasema kuwa hao ndio waliomjia alipougua. Nilitazama daftari: walichelewa, lakini walilipa. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande cha elimu, na kimoja bila ya kingine kilikuwa pungufu.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mlio darasani leo: kabla hamjaomba nafasi ya kusoma ng'ambo, nendeni sokoni siku ya Jumamosi na kalamu. Ulizeni bei huwekwa na nani, nani humkopesha nani, na hasara hubebwa na nani. Mkiweza kujibu, safirini, na safari itawapa kioo cha kujitazamia. Msipoweza, msikubali shamba liuzwe, hata kama wazee wenu wanataka kuliuza kwa mapenzi. Ardhi ikishauzwa hairudi kwa cheti. Mkataa kwao ni mtumwa, na mtumwa, hata akisomea uhasibu, huhesabu mali ya mwingine.