Moteri ya pili inasaidia nini?



Mwezi huu kijana mmoja wa Kirotshe ametuletea ulizo, na nimeona afazali nilijibu kwa kirefu. Nyumbani kwao wanabishana. Baba hataki kabisa kupanda ndege ndogo, mtoto anamcheka: «Papa, ile ndege iko na moteri mbili. Moja ikikufa, ya pili itatufikisha.» Anataka niseme nani ana haki.

Kijana, baba yako ana haki zaidi kuliko unavyofikiri. Ngoja nikuonyeshe juu ya nini.

Mwezi wa Januari 1948 Waingereza wawili, Jack Hemmings na Stuart King, waliondoka kwao na ndege ndogo ya shirika la MAF, lile linalopeleka wamisionari na wagonjwa kwa ndege. Walitumwa kuangalia kama ndege inaweza kusaidia misioni za huku kwetu. Hemmings alikuwa piloti wa vita, King fundi. Ndege yao iliitwa Miles Gemini: viti vine, mwili wa mbao na gundi, moteri mbili, kila moja nguvu za farasi 100. Siku hizi hata taksi ya mjini inaweza kuwa na nguvu ya moteri moja ya ile ndege! Ziliundwa kama 170 tu, na kiwanda chenyewe kilikuwa kimeanguka tayari mwaka 1947. Kwa hiyo walisafiri na yatima: ikivunjika kitu, huna baba wa kumwandikia barua.

Ile yatima iliwafikisha Afrika ya Mashariki na Congo, ikavuka majangwa na misitu. Mimi ninawaheshimu sana. Lakini katikati ya mwaka ule ule, katika milima ya Burundi, iliwashinda. Ndege iliangukia ubavuni mwa mlima, ikavunjika, ikawa mwisho wake. Wote wawili walitoka wazima.

Sasa sikia vizuri. Hata moteri zote mbili zikiwa zinafanya kazi, ndege dhaifu inaweza kushindwa na mlima. Pale ziwa letu la Kivu lilipo, tayari ni karibu meta 1,460 juu ya bahari, na milima ya Masisi inapita pale mbali. Kule juu hewa ni nyepesi. Moteri inakula hewa pamoja na mafuta, hewa ikipunguka, nguvu inapunguka. Moteri ya zamani ya nguvu 100, ukiifikisha meta 3,000, inabaki na karibu 70 tu. Mabawa nayo yanashika hewa ile ile nyepesi. Jua likiwaka, inakuwa nyepesi zaidi, ndiyo maana mapiloti wa milimani wanapenda asubuhi. Na upepo ukivuka kilele, upande wa pili unashuka kwa nguvu na kuivuta ndege chini. Mwenye nguvu kidogo hawezi kubishana nao.

Na moteri moja ikikufa? Wewe ni mtu wa ziwa, umeona mtumbwi wenye wapiga kasia wawili, mmoja kuume, mmoja kushoto. Wa kushoto akiacha, mtumbwi hauendi mbele nusu ya mwendo. Unageuka upande wa kushoto. Ndege vilevile. Piloti anaibana kwa miguu isigeuke, na kule kubanwa kunakula tena nguvu.

Halafu kuna hesabu ya nyumbani. Papa anaingiza dola 100, mama 100. Chakula, nyumba na masomo vinakula 160, mnaweka 40. Mama akipoteza kazi, mnaweka ngapi? Si 20! Mnaingia katika deni. Ndege pia inatumia sehemu kubwa ya nguvu yake kwa kutoanguka tu, na ile inayobaki ndiyo inayoipandisha. Ukiondoa moteri moja, umeondoa nusu ya nguvu, lakini pengine kupanda kote. Mapiloti wana mzaha wao: moteri ya pili ya ndege dhaifu inakupeleka mpaka mahali pa kuangukia.

Kule Ulaya kuna watu wanaozitunza Gemini chache zilizobaki. Ni kazi ya uvumilivu: kuchunguza mbao zisioze, gundi isiachane, vyuma vingine kuviunda upya. Mtu kama huyo anajua kipimo cha ndege yake. Anaruka na mzigo mdogo, siku nzuri, juu ya nchi ya tambarare. Hapo ni furaha tupu, hata mimi ningepanda.

Lakini sisi? Wengi wenu mnakumbuka miaka ya 2000, wakati wa Bisie, ndege zilipokuwa zinatua juu ya barabara ya lami kule Kilambo, Walikale, kubeba kasiterite mpaka Goma. Zilikuwa Antonov 28 na Let 410, zenye moteri mbili za nguvu mara nyingi kupita Gemini. Sawa, lakini na mzigo wao je? Siku moja nilikuwa pale na bidoni mbili za mafuta ya mawese. Piloti akaangalia magunia, akaangalia jua, akaamuru bidoni zangu zishushwe. Nilikasirika sana. Bidoni mbili, kilo karibu 37, ni kitu gani kwa ndege kubwa vile? Nikanung'unika njia yote.

MAF yenyewe baadaye ilizoea ndege za moteri moja yenye nguvu. Cessna Caravan, inayojulikana sana Bunia, iko na moteri moja tu, lakini ya nguvu zaidi ya 600. Na Mzee Hemmings, kabla ya kufariki Januari 2025 akiwa na miaka 103, aliruka tena mwaka 2024 ndani ya Spitfire, ndege ya vita ya zamani. Nayo pia ni ya moteri moja!

Basi, kijana, usimwulize piloti ana moteri ngapi. Mwulize: «Moja ikikufa, na mzigo huu, utavuka ule mlima?» Akikasirika, rudi nyumbani na baba. Akikuambia ushushe bidoni, shusha. Zangu zilifika Goma baada ya siku nne, hazikumwagika hata tone.