Saa ya Mwezini: Tuulize Moyo, Si Mgongo

Wapenzi wengi wa saa za thamani huamini maandishi yaliyo mgongoni mwa saa. Mazoea haya yafaa yaachwe, na mfano wake ni Omega Speedmaster, saa ya Uswisi itiwayo ufunguo kwa mkono.

Saa hii ilikubaliwa na NASA mwaka 1965, na Buzz Aldrin aliivaa alipotembea mwezini Julai 1969. Ndani yake mlikuwa na mtambo nambari 321. Lakini mwaka 1968, kabla ya safari ile, kiwanda kilikwisha anza kutia mtambo mwingine, nambari 861. Baada ya safari, migongo ya saa ikachorwa maneno ya kusifu kuwa hii ndiyo saa ya kwanza kuvaliwa mwezini. Ajabu ni kwamba saa nyingi zenye sifa hiyo zina mtambo ambao haukuwamo katika safari ile!

Na tofauti si ya nambari tu. Katika 321, mshale wa kupimia muda huanzishwa na kusimamishwa na gurudumu lenye vinguzo. Katika 861 kazi hiyo hufanywa na kipande bapa, ambacho ni rahisi zaidi kutengeneza. Wa kwanza hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani tano kwa sekunde. Wa pili mara 21,600, yaani sita.

Sisemi kuwa 861 ni mbovu, la hasha. Nasema kila kitu kiitwe kwa jina lake, kwani wakusanyaji hulipa zaidi kwa 321. Na saa ikiwa ya urithi, ikakadiriwa kwa bei isiyo yake, kuna mrithi atakayedhulumiwa.

Tarehe ya risiti nayo haitoshi, maana saa yaweza kukaa dukani muda mrefu kabla ya kuuzwa. Fundi na afungue kifuniko, asome nambari ya mtambo na ya mfano. Mfano 145.012 ndio wa mwisho wa zama za 321, 145.022 ulikuja na 861. Zisipopatana, pana kilichobadilishwa.

Muuzaji ajuaye haya akanyamaza amemficha mwenziwe jambo. Na mnunuzi asiyetaka kufunguliwa saa akumbuke: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.