Ndege za Vita na Watu Waliokuwa Chini Yake



Wiki hii tumeombwa ukumbi. Vijana wetu wa VIWAWA wanataka kufanya tamasha la mchana mmoja kwa ajili ya wapenzi wa ndege za kivita za zamani. Wataonyesha filamu, watapanga mezani ndege za mfano walizozichonga wenyewe kwa mbao na mabati, na mmoja wao atasimulia habari za ndege za MiG zilizopigana katika Vita vya Kagera. Kiingilio kitasaidia kukarabati paa la kigango. Bango lao limekwisha kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Limechorwa kwa ustadi mkubwa: MiG-21 inapaa mbele ya Mlima Meru, kilele nyuma yake, wingu chini yake. Chini ya wingu hakuna kitu. Hakuna mgomba, hakuna bati la nyumba, hakuna mtu.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mzee mmoja wa UWAKA alisimama mbele ya bango hilo kwa muda mrefu. Ni mwanajeshi mstaafu aliyekwenda Kagera akiwa askari wa miguu. Kisha alitusogelea, akasema: “Baba Paroko, hawa watoto wanazungumza habari za juu. Mimi nilikuwa chini.” Akavaa kofia yake, akaondoka.

Neno hilo tumetembea nalo wiki nzima, na tafakari hii imetokana nalo.

Tuanze kwa kuondoa shaka. Wazazi kadhaa wametutaka tuwazuie vijana hawa, wakisema kwamba ndege za vita ni mambo ya shetani na hayafai kuingia katika ukumbi wa Kanisa. Hatukubaliani nao. Kanisa halijawahi kumchukia mwanadamu kwa sababu anatamani kuruka. Mwaka 1920 Papa Benedikto XV alimtangaza Bikira Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa wote wasafirio angani, na kila mwaka tarehe 10 Desemba marubani Wakatoliki humkumbuka. Tena kijana anayeweza kuitofautisha MiG-17 na MiG-21 kwa kulitazama bawa tu, anayejua kwamba MiG-21 ziliundwa zaidi ya 10,000 na kwamba iliweza kupaa kwa kasi inayofikia maradufu ya kasi ya sauti, ni kijana aliyejifunza kutazama kwa makini na kusoma kwa uvumilivu. Laiti tungeisoma Injili kwa bidii hiyo! Nasi hatujitoi katika kundi hilo. Tulipokuwa seminarini tulibandika picha ya ndege ya kivita ndani ya mlango wa kabati, na hatukumwambia Gombera.

Ugomvi wetu basi hauko kwenye ndege, bali kwenye namna tunavyozisimulia. Tunasema wazi, na atakayekasirika atusamehe: simulizi ya ndege ya vita inayobaki juu, isiyoshuka kufika kwa mtu aliyekuwa chini, haistahili kuitwa pungufu tu. Ni uongo, kwa sababu ndege hiyo iliundwa kwa ajili ya aliye chini. Kumwondoa yeye ni kuondoa sababu ya chombo chenyewe kuwapo.

Tuchukue simulizi yetu wenyewe Watanzania. Mwezi Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilidondosha mabomu Bukoba na Kyaka, na watu wakaziacha nyumba zao. Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa katika ile hotuba ya nia, sababu na uwezo. Mwanzoni mwa Novemba mwaka huohuo, ndege zetu tatu zilizokuwa zikirejea kambini Mwanza zilitunguliwa. Aliyezitungua hakuwa Amin. Walikuwa walinzi wetu wenyewe wa anga, waliozidhania kuwa ni za adui. Ndani yake walikuwamo vijana wa Tanzania, na waliofyatua walikuwa vijana wa Tanzania. Ni wangapi kati ya wapenzi wa MiG hapa Arusha wanaoanzia hapo? Tumewasikiliza mara nyingi uwanjani baada ya Misa. Wanaanzia kwenye injini.

Yule mzee wetu alipokuwa amelala handakini na kusikia mngurumo, hakujua kama ni MiG-17 au MiG-21. Hakujua hata kama ni ya kwetu au ya kwao. Kwa mtu aliye chini, ndege ya vita haina jina wala mwaka wa kuundwa. Ina sauti tu, na muda mfupi wa kusali.

Iko na ile simulizi ya Saanane, ambayo husimuliwa kwa kicheko. Tarehe 29 Machi 1979 ndege kubwa ya mabomu ya Libya, aina ya Tupolev Tu-22, ilitumwa Mwanza ili kulipiga ghala la mafuta. Ilikosea shabaha. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, ambacho leo ni Hifadhi ya Taifa, na walioangamia ni wanyama. Tumeicheka sisi sote: Gaddafi kuja kutoka mbali kote huko kuwaua swala! Lakini tupime vizuri. Kisiwa hicho kiko karibu kabisa na mji. Kwa ndege yenye kasi ile, umbali kati ya swala wa Saanane na mama aliyepanga samaki wake sokoni ni kufumba na kufumbua jicho. Kicheko chetu ni kicheko cha walionusurika, nasi tunakitumia kana kwamba hapakuwa na kitu cha kunusurika nacho.

Wala anga letu la kaskazini halikuanza jana kuziona ndege hizi. Mwaka 1916, Waingereza walipowashambulia Wajerumani kuzunguka Kilimanjaro, Kikosi cha 26 cha Waafrika Kusini kilirusha ndege za BE2c za mbao na kitambaa kutoka Mbuyuni, ng’ambo ya mlima. Wapenzi wa ndege duniani kote wanazifahamu ndege hizo hadi idadi ya nyaya zilizoyafunga mabawa yake. Lakini vita vile vilibebwa kichwani na mabegani mwa wapagazi Waafrika. Walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi zaidi kuliko kwa risasi, na wengi wao hawana hata kaburi linalojulikana. Kumbukumbu yao kubwa katika lugha yetu ni jina Kariakoo, ambalo asili yake ni jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Tunakwenda pale kununua vitenge, na hatuwazi. Yaani waya wa ndege umehesabiwa, mpagazi hakuhesabiwa vizuri.

Mtu atatujibu: “Baba, mnawaonea marubani. Wao ndio mashujaa wa simulizi hizi.” Vema, basi na tuwaulize marubani wenyewe. Mwaka 1939 kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell jijini Dar es Salaam, jina lake Roald Dahl, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto, alikwenda Nairobi kujifunza urubani wa kijeshi. Ameandika katika kitabu chake Going Solo kwamba walikuwa wanafunzi kumi na sita, na kwamba katika muda wa miaka miwili kumi na watatu kati yao waliuawa angani. Yeye mwenyewe alianguka na ndege yake katika jangwa la magharibi mwa Misri mwaka 1940 na kuumia vibaya kichwani. Simulizi inayotaka ushujaa wa rubani bila kutaka kumwona akiungua haimheshimu rubani. Inamtumia.

Na kuungua kulikuwapo. Ile Spitfire ya Waingereza, ambayo wengi huiita ndege nzuri kuliko zote, ilikuwa na matangi ya petroli mbele ya rubani. Ilipopigwa, moto ulimjia usoni na mikononi. Vijana hao walipelekwa East Grinstead, kusini mwa Uingereza, kwa daktari mpasuaji mzaliwa wa New Zealand, Archibald McIndoe. Yeye aligundua kwamba walioangukia baharini vidonda vyao vilipona vizuri zaidi, akaanza kuwaogesha wagonjwa wake katika maji ya chumvi. Aliwatengenezea kope na pua upya, upasuaji baada ya upasuaji. Tena akawaendea wenyeji wa mji ule, akawaomba wawakaribishe vijana hao majumbani na wasiwakodolee macho barabarani. Wagonjwa wake waliunda chama chao mwaka 1941, na kikafikia watu 649.

Kwa nini tunamtaja daktari wa Uingereza katika tafakari ya parokia iliyo chini ya Meru? Kwa sababu baada ya vita alikuja huku. Mwaka 1956 McIndoe na wapasuaji wenzake wawili, Michael Wood na Thomas Rees, walikutana kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mlima tunaouona kutoka hapa asubuhi zisizo na mawingu. Walijiuliza jinsi ya kumfikia mgonjwa ambaye hana barabara. Mwaka 1957 likazaliwa shirika la Madaktari Warukao wa Afrika Mashariki, ambalo leo wote tunalijua kwa jina la AMREF. Mwaka 1983 padre wa Shirika la Roho Mtakatifu, Pat Patten, akaanzisha hapa kwetu Arusha huduma ya ndege ndogo za tiba, Flying Medical Service, kwa ajili ya vijiji vya Wamasai na wengine walio mbali na hospitali. Nabii Isaya aliona panga zikifuliwa kuwa majembe. Nasi tumeona jambo la namna hiyo: mtu aliyezijua ndege za vita kwa makovu yake alikuwa miongoni mwa waliotuletea ndege ya kumbeba mama mwenye uchungu. Aliweza hilo kwa sababu alitazama chini, alipoangukia rubani.

Zimebaki hoja mbili, nasi hatutazikwepa.

Ya kwanza yasema: “Bila ndege zile Amin angefika wapi?” Ni hoja ya haki. Vita vya 1978 na 1979 vilikuwa vya kujilinda, na Kanisa linafundisha kwamba taifa lina haki ya kujilinda kwa kipimo. Hatusemi neno lolote la kuwadharau askari wetu. Lakini anayewaheshimu askari husimulia gharama waliyolipa. Pale Kaboya, mkoani Kagera, mamia yao wamelala makaburini, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake. Tamasha lisilo na nafasi ya Kaboya halitetei haki ya vita vile. Limeichukua fahari yake na kumwachia mzee wa handakini deni.

Ya pili yasema: “Ni mashine tu, Baba.” Hapana. Jembe limeundwa hivyo lilivyo kwa ajili ya udongo, na MiG imeundwa hivyo ilivyo kwa ajili ya kuua kwa haraka. Uzuri wake unatokana na kazi yake. Anayeutazama uzuri huo na kukataa kuuliza ni wa nini, amefika pale walipofika Waisraeli chini ya mlima Sinai. Hatuna shaka kwamba ndama wao wa dhahabu naye alifanyizwa kwa ustadi.

Kwa hiyo uamuzi wetu ni huu. Vijana watapewa ukumbi. Lakini kila ndege ya mfano itakuwa na karatasi mbele yake, nayo itaeleza mambo mawili: iliruka wapi, na chini yake walikuwa akina nani. Msimulizi wa MiG ataanza na zile ndege zetu tatu. Bango litachorwa upya, na chini ya lile wingu tunataka tuone migomba na watu. Mwisho wa tamasha tutawaombea marehemu wote wa vita vile, Watanzania, Waganda na Walibya, kwa maana mbele ya Mungu hakuna marehemu wa upande wa pili.

Juzi tulipanda hadi nyumbani kwa yule mzee, tukamkuta akipalilia kahawa. Tulimwomba azungumze na vijana. Alinyamaza kidogo, akasema atakuja, lakini hatazungumza mengi. Ameomba mambo mawili tu: filamu zizimwe sauti muda wote atakapokuwa ndani, na awekewe kiti karibu na mlango.

Kiti hicho tutakiweka sisi wenyewe. Vijana wetu, mtakapoingia ukumbini, msalimieni yeye kwanza kabla ya kwenda kuziona ndege.

Mungu awabariki, na Bikira Maria wa Loreto awaombee wote walio angani na wote walio chini.

Paroko wenu