Swichi iliyokwama: kipindupindu kwa jicho la mtu wa programu

Nilipotea kidogo, kazi zilinibana. Leo siandiki juu ya kompyuta, ama tuseme naandika juu ya kompyuta ndogo kuliko zote, yaani seli ya mwili. Wale wanaoichoka baiolojia nivumilieni, maana jambo hili linamhusu kila mwenye mtoto nyumbani.

Kilichonichokoza ni kisa cha hapa hapa mtaani kwetu Buxton. Maghorofa mapya yamepanda palipokuwa na nyumba za zamani, lakini wengi wetu kisiwani bado tunaletewa maji kwa mkokoteni, mitungi ya lita 20, na hujui yametoka kisima gani. Siku moja mtoto wa jirani alishikwa na tumbo la kuhara. Mamake akamkorogea ORS, akampa vikombe viwili, kisha akaacha. Nilipouliza, nyanyake mtoto ndiye aliyenijibu: "Mwanangu, dawa hii haifanyi kazi. Anakunywa na bado anahara. Tukizidi kumpa maji ndiyo tunamzidishia."

Mtoto alipelekwa zahanati, akapona, alhamdulillahi. Lakini jibu la yule nyanya lilinikaa kichwani. Si jibu la kijinga hata kidogo. Umepewa dawa ya kuhara, kuhara hakukomi, wewe ungefikiri nini? Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia dawa ile inafanya nini hasa.

Basi tuingie ndani ya seli. Mna ukoo wa protini uitwao GTPezi. Kazi yao ni ya swichi. Protini ikishika molekuli iitwayo GTP, swichi imewaka. Baada ya muda mfupi protini yenyewe huikata ile GTP ikawa GDP, na swichi ikazima. Yaani ni swichi yenye saa yake ndani. Wamarekani wawili, Alfred Gilman na Martin Rodbell, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1994 kwa kugundua protini za G, ambazo ni tawi moja la ukoo huu.

Kwenye utumbo, protini ya G iitwayo Gs ikiwaka huamrisha seli itengeneze ujumbe wa ndani, na ujumbe huo hufungua milango ya kloridi. Kloridi hutoka, sodiamu na maji hufuata. Kidogo tu, kisha swichi huzima. Sasa bakteria wa kipindupindu hutoa sumu inayoingia ndani ya seli na kubandika kipande cha kemikali juu ya Gs, pale pale panapohusika na kukata GTP. Mwaka 1977 watafiti Cassel na Selinger walionyesha kuwa sumu hii inazuia ukataji huo. Swichi inawaka na haizimi tena. Maji yanamwagika utumboni, na mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa.

Watu wa programu wenzangu mmeshaitambua hitilafu hii. Ni mzunguko uliosahauliwa kuandikiwa pa kutokea. Amri ya kuwasha ni sawa kabisa, kilichoharibika ni amri ya kuzima.

Na hapa ndipo ORS inapoingia. Haigusi ile swichi! Inatumia mlango mwingine kabisa wa seli, unaoingiza sukari na sodiamu kwa pamoja, na maji yakafuata. Mlango huu sumu haikuuharibu. Kwa hiyo kuhara kutaendelea, lakini mwili unapata maji ya kufidia. Zile seli zenye swichi iliyokwama hazitengenezeki, ila utando wa utumbo hujibadilisha wenyewe kwa siku chache, seli mpya zikachukua nafasi. Kazi ya ORS ni kumfikisha mgonjwa siku hiyo akiwa hai. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliitumia kambini kwa wakimbizi, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Sasa maoni yangu. Sisi wa pwani kipindupindu si mgeni kwetu. Daktari James Christie aliandika kitabu kizima mwaka 1876 juu ya milipuko yake Afrika Mashariki, akiwa ameiona mwenyewe Zanzibar. Oktoba 2022 ulianza mlipuko mwingine hapa Kenya. Na kila mara tunaambiwa yale yale: nawa mikono, chemsha maji, kunywa ORS. Ni kweli yote, lakini ni amri bila sababu. Mtu aliyepewa amri bila sababu huiacha mara tu anapoona matokeo asiyoyatarajia, kama mwenye kubofya bila kuelewa.

Mtasema mama anayehangaika saa nane usiku hahitaji habari za GTP. Sawa. Anahitaji sentensi moja tu: dawa hii haizuii kuhara, inarudisha maji, kwa hiyo usiache kumpa. Sentensi hiyo ingeandikwa kwa herufi kubwa juu ya kila pakiti.

Na shuleni wafundishe ile swichi yenyewe, kwa sababu haiishii tumboni. Protini nyingine ya ukoo huo, Ras, huiambia seli igawanyike. Ikikosa kuzima, seli hugawanyika ovyo, na kasoro hii ipo kwenye takriban moja kati ya saratani tano. Kasoro za Ras zilijulikana mwaka 1982, lakini dawa ya kwanza ya kuifunga Ras yenyewe, sotorasib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021. Miaka 39 kutafuta namna ya kuzima swichi moja!

Kwa leo chukueni hii: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko visijae kupita ukingo. Hiyo ni kama pakiti haipatikani. Asiyeweza kunywa, au aliyelegea, mkimbizeni hospitali akatiwe maji ya mshipa. Na mwambieni nyanya sababu.

Maoni yenu nayasubiri.