Mwenye vitabu ndiye apange maktaba yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie watengenezaji wa programu za bure za kutunzia vitabu vya kidijitali kilio chetu sisi tunaozitegemea.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kwenye kompyuta nimepanga vitabu vyangu jinsi tunavyofundisha fasihi: riwaya, tamthilia, ushairi, wasifu. Programu ninayotumia haiujali mpangilio huo. Ukiingiza kitabu, inanakili faili na kuitia katika folda zake: kwanza jina la mwandishi, kisha jina la kitabu na namba iliyojipangia. Faili ya awali inabaki ilipokuwa, hivyo diski inabeba kitabu kimoja mara mbili. Ukiihamisha nakala ile kwa mkono, programu haiioni tena.

Mpangilio huu unaidhulumu fasihi yetu. Shaaban Robert aliandika mashairi, riwaya na wasifu, lakini Kusadikika na Wasifu wa Siti binti Saad vinarundikwa pamoja kwa kuwa tu mtunzi ni mmoja. Mzalendo Kimathi, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, inawekwa chini ya Ngũgĩ peke yake. Ukizipitia folda, humwoni Micere. Hata Ngũgĩ mwenyewe anapokonywa alama za juu ya herufi za jina lake.

Najua ndani ya programu naweza kukipa kila kitabu lebo ya aina yake. Lakini mwanafunzi niliyemwekea vitabu kwenye flashi anaona folda tu. Njia ya kutoa faili kwa mpangilio wangu ipo, ila inazaa nakala nyingine tena.

Wapo wanaosema cha bure hakilalamikiwi. Sikubaliani nao. Programu ni yao na tunawashukuru, lakini vitabu ni vyetu, na saa tulizotumia kuvipanga ni zetu.

Tunaomba mambo mawili: programu iweze kusoma faili pale zilipo bila kuzinakili, na anayetaka kutumia folda za programu aruhusiwe kuchagua kitangulie nini, aina, mwandishi au lugha. Atakayeridhika na mpangilio wa sasa aendelee nao; sisi wengine tupewe hiari.

Mwalimu wa Kiswahili,
Morogoro