Rovu, Maradhi ya Wakaao Milimani



Miaka mingi iliyopita alikuwako chuoni kwangu, hapa Mfaranyaki, binti mmoja mpole asiyeweza kuhifadhi hata sura fupi. Asubuhi alisinzia, na mchana aliona baridi wenzake wakitoka jasho. Nikamwita mvivu, na fimbo ikampitia. Siku moja mke wangu alipomfunga mtandio aliona shingo yake imevimba kwa mbele. Hospitali wakasema: ni rovu, mtoto amekosa madini joto. Fimbo ile yanisuta hata leo.

Watu wakisikia habari za maradhi ya mahali pa juu hufikiri juu ya hewa nyembamba. Maradhi hayo yapo. Mwaka 1925 daktari Carlos Monge wa Peru alieleza jinsi damu ya wakaao kwenye milima mirefu iwezavyo kuwa nzito mno, na dawa yake kubwa ikawa ni kuteremka. Lakini hayo huwapata hasa wakaao juu ya mita 2,500, na mji wetu wa Songea haufiki hata nusu ya kimo hicho. Maradhi yetu sisi ni mengine, nayo yatoka ardhini.

Madini joto, yaani iodini, asili yake kubwa ni baharini. Katika miteremko ya milima, mvua za karne nyingi zimeyaosha yakaondoka udongoni. Basi mahindi na maharage yaotayo hapo huyakosa, na mlaji huyakosa pia. Tezi la shingo, lisipopata mahitaji yake, hukua likitafuta zaidi. Huo ndio uvimbe. Si kijicho wala si uchawi. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huzidisha dhara.

Dalili zake ni hizi: uvimbe upandao mtu amezapo mate, uchovu usiokwisha, kuona baridi, ngozi kavu na choo kigumu. Mtoto hudumaa, na ufahamu wake huwa mzito. Hatari kubwa zaidi ni kwa mja mzito, kwani mimba yaweza kuharibika, au mtoto azaliwe na upungufu wa akili usioponyeka tena.

Kinga yake ni nyepesi. Mtu mzima ahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mja mzito 250. Mahitaji ya miaka 70 hayazidi kijiko kimoja cha chai. Katika miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika, na katika miaka ya 1990 ikaamuru chumvi itiwe madini hayo. Hata hivyo, madukani ningali naona chumvi ya kupima, iliyoachwa wazi juani, nasi twainunua kwa kuwa ni rahisi.

Basi, yatupasa kununua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Iwekwe katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na moto, na itiwe chunguni chakula kikaribiapo kuiva. Wala tusizidishe kiasi, kwani chumvi nyingi huleta shinikizo la damu.

Mwenye uvimbe aende hospitali akapimwe damu. Uvimbe mdogo wa mtoto waweza kupungua kwa miezi kadhaa. Ule mkubwa wa zamani mara nyingi haurudi, na ukibana pumzi au koo huenda ukahitaji kupasuliwa. Anayekonda, anayetetemeka na ambaye moyo wamwenda mbio asijitibu mwenyewe kwa madini haya, maana huenda yakamdhuru. Wala asikubali kuchanjwa shingoni kwa wembe.

Nanyi walimu wenzangu, mtoto akiwa mzito wa kusoma, mwitieni mzazi wake na mwulize habari za afya yake kabla hamjashika fimbo.