HESABU KWA LUGHA YA KUAZIMA

Ndugu wanachama, sisi hatupingi watoto kufunzwa Kiingereza. Wafunzwe, tena na walimu wanaokijua barabara. Tukipingacho ni amri ya Sera ya Elimu ya mwaka 2006, iliyotaka hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Mtoto wa Micheweni ajuaye dukani robo na nusu robo huulizwa yayo hayo kwa maneno asiyoyafahamu. Akinyamaza, huitwa mjinga! Kiunguja ndicho kilichoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1967 Bara ikakifanya lugha ya kusomeshea skuli za msingi. Twaitaka Wizara itujibu: hapa kwao kimekosa nini?